Msiliandikie Vipuri Gari Lililolala

Wewe unayekaa kwenye dirisha la vipuri, kompyuta mbele yako na mafundi wanakuita huku na huku, naomba unisikilize kidogo. Najua una haraka. Mimi pia kazi yangu ni hiyo hiyo. Lakini jambo hili limenikaa kooni, na nikilimeza kimyakimya kesho litampata mama mwingine.

Elimu yangu ni ya shule ya msingi tu, kwa hiyo nitaeleza kama ninavyoeleza pale dirishani. Gereji yetu ni ya kampuni yenye matawi katika miji kadhaa, na matawi yote yanatumia programu moja. Gari likiingia linafunguliwa kazi: namba ya gari, mwenye gari, dereva, na ugonjwa wake. Kazi ikishafunguliwa, kila kipuri kinachotoka stoo kinaandikwa chini yake, iwe injini nzima au boliti, na programu yenyewe inapunguza hesabu ya stoo. Gari likipona, kazi inafungwa. Kitu kimoja programu haikubali kabisa, nacho ni kutoa kipuri hewani. Hata balbu ndogo ya dashibodi lazima uitajie gari. Usipoitajia inakukodolea macho tu, haiendi mbele wala nyuma.

Hapo ndipo balaa lilipopita.

Mimi ndiye wa dirishani katika tawi letu, wananiita Mama Vipuri. Mwanangu wa pili ni dereva wa lori. Hapa gereji wanamwita Mluzi, maana haingii mahali kabla mluzi wake haujaingia. Alipopata lori la tajiri mmoja wa mizigo aliondoka akiwa na furaha hata akasahau shati kwenye kamba. Mwanzoni alikuwa akipiga simu kila anapofika. Mama nimefika. Mama nimeshusha mzigo. Mama huku kuna baridi, hivi ulinizaa bila ngozi? Baadaye simu zikapungua. Ya mwisho aliniambia simu yake inajizimazima, akinunua nyingine atanitafuta. Nikamwambia sawa baba, usile vitu vya baridi. Kisha kimya.

Nilipiga mpaka nikamchukia yule mwanamke anayesema mteja hapatikani kwa sasa. Nilimchukia kama mke mwenzangu. Nilimpigia tajiri, naye akawa hapokei. Baba yake Mluzi ni fundi viatu, mtu wa maneno machache. Yeye aliniambia, "Mwanaume huyo. Atarudi." Lakini nilimwona anavyogeuza shingo kila pikipiki inapopunguza mwendo nje ya mlango wetu.

Siku moja dirishani hakukuwa na mteja, vidole vyangu vikaandika namba ya lori lile kwenye kompyuta. Sikuwa nimefikiria. Likatokea. Lilikuwa na kazi wazi kwenye tawi letu la mbali kuliko yote. Dereva, jina la mwanangu. Kipuri cha kwanza kilikuwa stata, na chini yake chujio la oili lililoandikwa wiki ile ile niliyokuwa nasoma. Nikashika kifua. Lori linalobadilishwa oili ni lori linalotembea, na lori haliendi lenyewe. Kazi kubaki wazi nilidhani ni tajiri analipa kwa mkupuo na lori linaingia na kutoka, wala sikupiga simu huko, nisimwaibishe mbele ya mafundi.

Jioni nikamwambia baba yake, "Nimepata habari za mwanao."

"Amepiga?"

"Amebadilisha chujio la oili."

Akaweka kiatu chini. "Haya," akasema. "Basi yupo."

Tangu hapo ikawa ndiyo simu yetu. Kila asubuhi kabla sijafungua dirisha naandika ile namba. Siku nikikuta viwipa vipya, nasema huko mvua zinanyesha, sijui ana koti. Siku nikikuta pedi za breki, nasema yupo milimani, mwendo taratibu mwanangu, mzigo si wako. Kioo cha pembeni kilininyima usingizi. Amegonga nini? Amemgonga nani? Kesho yake nikakuta balbu ya ndani ya kebini, nikatulia, kwa sababu mtu aliyeumia hashughuliki na balbu. Ndivyo nilivyokuwa najipigia hesabu.

Halafu ukaja mkanda wa kiti cha abiria.

Niliusoma mara kadhaa. Utingo hafungi mkanda, utingo hata kukaa hakai, ananing'inia mlangoni kama nguo. Sasa ni nani huyo anayekaa pembeni ya mwanangu, ambaye mwanangu hataki aumie? Nikamwambia Babu Spana. Huyu ni fundi wetu mzee kuliko wote, na kwa utani hajambo.

"Mama Vipuri, huyo ni mkweo," akasema bila hata kuinuka chini ya gari. "Hongera."

"Wacha hizo."

"Mimi nilimfungia mke wangu mkanda mwaka tuliooana tu. Sasa hivi akiingia garini namwambia shikilia."

Wiki iliyofuata likaandikwa zulia la sakafuni la gari. Babu Spana alicheka mpaka spana ikamtoka mkononi. "Zulia! Mwanaume gani alishawahi kujinunulia zulia la lori? Mkweo anapenda usafi, jiandae, akija kwako atapitisha kidole juu ya kabati."

Nilicheka naye. Lakini nilipofika nyumbani nilitoa nyuzi, nikaanza kufuma sweta. Dogo. La mtoto ambaye hakuna aliyenitajia. Baba yake akaliona, akaliangalia, akauliza, "La nani?" Nikasema la biashara. Hakuuliza tena, ila siku mbili tatu baadaye niliona amekata ngozi laini ya viatu vidogo kama vidole gumba viwili.

Tuliishi hivyo. Msinicheke. Mtu akiwa na kiu anakunywa hata maji aliyoyaona kwa mbali.

Asubuhi moja nikafungua ukurasa wake nikakuta kipya: plagi, seti nzima. Nikaanza kufurahi kwa mazoea, kisha nikasogeza uso karibu na kompyuta. Plagi ni za gari la petroli, ndizo zinazotoa cheche. Lori lile ni la dizeli. Injini yake haina hata tundu la kuifunga plagi, labda uibandike kwa gundi.

"Babu Spana, njoo usome hapa. Ni macho yangu au?"

Akafuta mikono kwenye ovaroli, akainama, akasoma, akarudia. Nilingoja utani. Haukuja.

"Plagi na dizeli wapi na wapi," akasema taratibu.

"Labda wamekosea namba."

"Labda."

"Sema basi!"

"Niseme nini, Mama Vipuri, na wewe unajua? Hilo ni gari la kutupia."

Kweli nilijua. Sisi wote wa madirishani tunajua. Fundi amechukua kipuri bila kusema, na gari alilolifunga limeshaondoka na kazi yake imeshafungwa. Au kitu kimevunjika stoo. Au kimepotea. Hesabu haikai sawa, na programu inataka gari. Basi karani anatafuta kazi yoyote iliyo wazi, anakibandika humo, hesabu inakaa sawa, anaenda kula. Kwetu jambo hilo halipo, si kwamba sisi ni malaika, ni kwamba Babu Spana hapendi gari lake lisingiziwe.

"Na gari la kutupia huwa ni lipi?" nikamuuliza. Nilikuwa najua jibu, nilitaka aseme yeye.

"Lililolala. Linalotembea hulitupii, mwenyewe atakuja na kelele, hiki nimefungwa lini? Lililolala halina msemaji."

Nilipiga simu tawi lile. Akapokea msichana mwenye sauti ya upole.

"Lile lori? Lipo tu hapa uani, mama. Kwani vipi?"

"Limeingia lini?"

"Mimi nilipoanza kazi nililikuta."

Babu Spana alichukua simu, akamshukuru, akaikata.

Nyumbani nilifungasha bila kueleza mengi. Baba yake akauliza, "Unaenda kufanya nini, kulisukuma?" Akaenda mwenyewe kunikatia tiketi, akarudi, akanifungia begi vizuri kwa uzi wake wa viatu, kwa sababu zipu ilikuwa imekufa.

Nilifika siku ya Alhamisi, miguu imevimba. Lori lilikuwa kwenye kona ya uwanja, limeegemea upande mmoja, matairi yamelala bapa. Nyasi zilikuwa zimepita katikati ya bampa. Kuku wa mlinzi alikuwa ametaga kwenye kiti cha abiria, na kiti hicho hakikuwa na mkanda wowote, si mpya si wa zamani. Chini hakukuwa na zulia. Palikuwa na boksi lililokunjuliwa mahali mtu alipokuwa akilalia, na kitana kilichobaki na meno machache, na kofia. Mlango wa dereva haukufunguka, nikapanda kwa upande wa abiria nikakaa nyuma ya usukani. Miguu yangu haikufika kwenye klachi. Nilinusa ile kofia. Ilikuwa inanuka vumbi tu, nikainusa tena.

Msichana wa dirishani alikuja mbio, akidhani nimetumwa na makao makuu kukagua stoo.

"Shikamoo mama. Karibu. Tungejua ungekuja tungefagia."

"Marahaba. Mimi ni mama wa dereva."

Akasema, "Mama yake Mluzi?"

Hata huku walimwita hivyo. Hapo ndipo nilipolia, kabla sijaambiwa lolote.

Aliniingiza ndani, akaniletea maji, akanisimulia yote aliyoyakuta na aliyoambiwa. Injini iliharibika vibaya. Walifunga stata, haikusaidia kitu. Tajiri alisema nisubirini, kisha akaacha kupokea simu, kwangu na kwao. Mwanangu akabaki na gari, kwa sababu dereva haachi gari la watu. Alilala kwenye kebini. Aliuza simu akala. Akasaidia kuosha magari akala. Msichana alipoanza kazi alimkuta bado yumo humo.

"Nilimpa simu yangu mama, haki ya Mungu. Nikamwambia piga nyumbani. Akaniambia, nikipiga nitasema nini? Nitapiga likiwaka."

"Nitapiga likiwaka," nikarudia.

"Ndiyo mama. Alikuwa anasema anacheka."

"Na wewe siku hizo ulikuwa unaandika chujio la oili."

Mimi nilikuwa naona mbele yangu zile asubuhi zangu zote. Wakati nasema huko mvua zinanyesha, mwanangu alikuwa amekaa hapa hapa, mahali panapojulikana, na mimi ningepanda basi nikamkuta. Ningemkuta kwenye lile boksi. Kila kipuri kilichoandikwa kilikuwa kinaniambia kaa, ametulia, usiende.

"Yuko wapi sasa?"

"Anafanya vibarua hapa mjini, hana mahali pamoja. Lakini Jumapili hupita, mama! Huja kuliangalia. Analigongagonga matairi, anaondoka. Mlinzi wa Jumapili ni rafiki yake."

Jumapili. Nikafuta macho. Nikamwambia, "Sawa. Sasa fungua hiyo kompyuta."

"Mama, pumzika kwanza."

"Fungua."

Hasira ilikuwa imenipanda, na hasira bila kazi inamharibu mtu. Nilivuta kiti tukakaa bega kwa bega kama wanafunzi.

"Plagi za nani?"

"Za teksi ya jirani. Fundi alizichukua, teksi ikaondoka, nikakumbuka baadaye."

"Ifungue tena kazi ya teksi uzirudishe. Andika na sababu. Viwipa?"

"Vya gari la meneja."

"Rudisha kwa meneja. Kioo?"

"Kioo... kilidondoka stoo, mama. Niliogopa."

"Andika kilivunjika. Programu ina sehemu ya vilivyovunjika na vilivyopotea, hiyo peke yake haidai gari, ipo pale chini, hakuna anayeifungua kwa kuogopa kugombezwa. Mkanda wa abiria?"

"Wa basi la shule."

Basi la shule. Kumbe kuna mtoto wa mtu huko amefungwa mkanda wa mkwe wangu.

"Na zulia?"

"Zulia sijui, mama. Lilitoweka tu."

"Andika limepotea."

Akaandika. Likafutika kwenye ukurasa wa mwanangu. Sitawaficha, lilipotoka lile zulia nilihisi kama kuna binti amefungasha vitu vyake chumbani kwangu na kuondoka bila kuaga. Tulipomaliza ilibaki stata peke yake. Msichana alinitazama akasema, "Sasa ni safi mama." Nikasema ndiyo. Niliamini tumefanya jambo jema.

Sasa sikilizeni hapa, maana hapa ndipo onyo lenyewe lilipo. Programu ile inapaka rangi. Kazi inayoongezewa vipuri inaonekana ya kijani. Kazi iliyokaa bila kuguswa inakuwa nyekundu, na makao makuu wanaiona. Lori lile lilikuwa la kijani muda wote kwa sababu ya uongo wa vile vipuri. Kwa watu wa makao makuu lilikuwa gari linalotengenezwa, wakaliacha. Tulipoondoa uongo likawaka jekundu palepale. Ijumaa kabla ya chai simu ikaja: lori gani hilo limekaa na stata tu muda wote huo? Liondolewe, lipelekwe kwenye chuma chakavu.

Msichana alinijia, simu bado mkononi. "Mama, wamesema Jumatatu. Gari la kuvuta litakuja Jumatatu."

"Na yeye anakuja Jumapili?"

"Jumapili, mama."

"Basi haidhuru. Wachukue chuma chao. Mimi nimefuata mtu."

Jumamosi nilikaa uwanjani asubuhi nzima, huenda akabadilisha siku. Nilitoa yale mayai nikampa mlinzi. Nilifagia kebini, najua ni upuuzi, nani anafagia gari linaloenda kuvunjwa, lakini nilifagia. Mchana gereji ikafungwa. Msichana akanishika mkono. "Twende nyumbani mama, ule, uoge. Kesho ndiyo siku yake." Nikaenda. Mlinzi wa Jumamosi alikuwa mgeni, hata jina la Mluzi hakulijua, na sisi hatukumwachia neno. Tungemwachia neno la nini? Siku ilikuwa Jumapili.

Nilioga, nikapiga pasi gauni langu. Msichana akanisuka upya nywele za mbele zilizokuwa zimefumuka kwenye basi. "Asije akasema tumekutesa," akasema, tukacheka kidogo.

Jumapili tulipofungua geti, kona ilikuwa tupu. Palikuwa na doa la oili, na nyasi za njano zilizolala chali pale gari lilipokuwa limezifunika.

Mlinzi wa Jumapili, mtu mrefu mwenye redio begani, naye alikuwa amesimama anashangaa. Akampigia mwenzake wa Jumamosi, akaweka sauti ya juu ili nisikie.

"Lile lori liko wapi wewe?"

"Wamelichukua jana alasiri. Walisema Jumatatu wana kazi nyingine. Walikuwa na karatasi, nikafungua."

"Wametumia nini kulivuta?"

"Mnyororo. Walijaza upepo matairi. Halafu wakahitaji mtu wa kushika usukani, si unajua likivutwa lazima mtu alielekeze. Wakaenda pale njia panda wanapokaa vibarua, wakauliza nani anajua lori. Wakaja na kijana mmoja."

Nilishika mkono wa msichana, nikauminya.

"Kijana gani?"

"Mimi simjui. Mwembamba. Lakini mlango wa dereva ulitushinda wote, tunavuta haufunguki. Yeye akaja, akauinua kidogo kwa goti, ukafunguka. Akaingia akakaa. Hakuulizia hata pesa kwanza."

Mlinzi mrefu akazima redio. Msichana akaanza kulia kwa sauti, mpaka mimi ndiye niliyembembeleza.

Tulimtafuta mwenye gari la kuvuta. Alikuwa mtu mwema, ila mtu wa barabara.

"Ndiyo mama, nilikuwa naye. Anajua kazi. Mlimani huko mnyororo ukilegea yeye anagusa breki kidogo, unakaza. Sijawahi kuvuta gari kwa raha namna ile."

"Alisema nini?"

"Alisema hili gari nimelilalia. Nikadhani ni utani."

"Alikuwa anapiga mluzi?"

Akafikiria. "Kwenda, ndiyo. Tulipofika kwenye chuma chakavu alisimama akawaangalia wanavyolikata kebini kwa moto. Baada ya hapo sikumsikia. Nikampa chake. Akauliza kama wanahitaji dereva, wakasema hapana. Akashika barabara."

"Barabara ipi?"

"Mama, pale zipo nyingi."

Nikamwambia, ukimwona tena, mwambie mama yake hakutaka gari. Mwambie asingoje liwake. Aje na miguu yake miwili, inatosha. Akasema atamwambia. Nilisikia kwenye sauti kwamba angependa kumwambia.

Nilifika kwenye chuma chakavu pia, nikauliza vibanda vyote vya hapo, nikaacha namba yangu mpaka kwa muuza karanga. Kisha nikarudi nyumbani. Baba yake alikuwa amenisubiri kituoni. Aliangalia nyuma yangu, kwenye ngazi ya basi, abiria wote wakashuka, na konda akashuka. Ndipo akanipokea begi.

"Yupo?" akauliza.

"Yupo. Amekonda, lakini yupo."

"Basi yupo," akasema. Tukatembea.

Mlinzi mrefu hunipigia kila Jumapili. Mluzi hajapita. Angepita kuangalia nini? Na mimi nikiandika ile namba kwenye kompyuta, haileti kitu, wamelitoa kabisa. Asubuhi bado naiandika.

Kwa hiyo nawaomba wenzangu. Kipuri kikivunjika andika kimevunjika. Kikipotea sema kimepotea, ugombezwe, yaishe. Lakini usiliandikie gari lililolala kipuri lisichofungwa, wala usifikiri hakuna anayesoma kwa sababu hakuna anayeuliza. Na ukiliona la namna hiyo kwenye kona yako, kabla hujasafisha hesabu, toka nje kwanza ukaangalie ni nani anayelilalia. Mimi nilianza na hesabu. Na wewe mama mwenye mtoto safarini, usitosheke na habari za gari.

Siku hizi dereva akija dirishani namuuliza namba ya gari, ugonjwa wake, na kama amempigia mama yake. Wengi hunicheka. Mama Vipuri, na hilo nalo linaandikwa kwenye programu? Wiki hii alikuja mmoja wa lori la saruji, kijana mwenye ndevu zisizojaa. Akasema simu yake haina salio. Nikampa yangu. Akasitasita, akabonyeza namba, akanigeuzia mgongo kidogo. Nami nikageukia rafu, nikajifanya natafuta chujio, ili nisimsikilize. Lakini upande wa pili mwanamke aliita jina la mwanawe kwa sauti kubwa hivi kwamba hata Babu Spana chini ya gari alinyamazisha nyundo, na kijana akawa anasema tu, ndiyo mama, ni mimi, ndiyo, ni mimi mama.